"Imegoma Tena, Njoo": Utatuzi wa Matatizo ya Programu za Mwaloni

Simu ninazopigiwa kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, huanza hivyo. Nikifika, mara nyingi kishikwambi ni kizima, mtandao upo, na programu ya kuandikisha mizigo ya samaki inafanya kile ilichoandikiwa kufanya. Kinachogoma ni pale mtu na skrini wanapokutana: kitufe chembamba kuliko kidole, neno lenye maana mbili, rangi inayopotea juani. Wataalamu wanapaita mahali hapo kiolesura. Makarani wa Kirumba na Igombe, huku Mwanza, wanapaita "huu mzigo wenu".

Mwongozo huu ni wa tajiri mwenye makarani, msimamizi wa kituo cha kupokelea samaki, au kijana aliyeandika programu yenyewe. Nimeupanga kwa dalili, kama zinavyoripotiwa. Chini ya kila dalili, sababu ninayoikuta mara nyingi inatangulia. Fuata mpangilio huo. Usianze kufungua msimbo wa programu kabla hujafuta magamba kwenye kioo.

Kabla ya yote, usimuulize karani "ulibonyeza nini?" Mwamkie, simama nyuma yake, nyamaza, aandikishe mizigo mitano mfululizo. Mtu akiulizwa hujitetea. Akiwa kazini huonyesha.

Dalili ya 1: "Nabonyeza, haisikii"

Sababu ya kwanza ni maji. Kioo cha kugusa hutambua kidole kwa mabadiliko madogo ya umeme, na tone la maji au ute wa sangara nao hupitisha umeme. Kioo kinaona vidole vitatu, au hakioni hata kimoja. Futa kwa kitambaa kikavu, kausha kidole, jaribu tena. Glavu nene za mpira nazo huzuia. Hapo dawa ni kuzivua, au kumpa karani kalamu ya kugusia skrini yenye betri yake.

Sababu ya pili ni chaja. Chaja ya bei chee hupeleka umeme wenye kelele, na skrini huanza kujibonyeza yenyewe au kuruka. Chomoa. Ikitulia, umempata mwizi.

Ya tatu ni protekta iliyonyanyuka pembeni au yenye mchanga chini yake.

Kama yote hayo ni safi, sasa tazama kitufe. Google inawashauri waandishi wa programu za Android wasifanye eneo la kugusa kuwa dogo kuliko dp 48, yaani milimita 9 hivi. Chukua rula, pima. Nimekuta programu yenye vitufe vya milimita 5 vilivyobanana kama dagaa kwenye chanja, na aliyeiandika anajivunia kwamba kila kitu kiko ukurasa mmoja. Kidole cha mtu aliyevuta kamba miaka ishirini si kidole cha mwanafunzi wa kompyuta. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa kufikia kitu unategemea umbali wake na ukubwa wake: kilicho mbali na kidogo kinachelewesha. Kwa hiyo kitufe kinachobonyezwa mara mia kwa asubuhi, kama "Mzigo mpya", kiwe kikubwa kuliko vyote na kikae karibu na kidole gumba. Kile cha mara moja kwa wiki kipunguze, kisogeze juu.

Hatua ya ndani zaidi: kwenye mipangilio ya wasanidi programu kuna sehemu inayochora mstari kidole kinapopita. Iwashe, pitisha kidole skrini nzima. Mstari ukikatika mahali palepale kila mara, tachi imekufa. Programu haina kosa, mpelekee fundi simu.

Simama hapa: kioo kikiwa kimeinuka upande mmoja au mgongo wa kifaa umetuna, betri imevimba. Zima, usichaji, usiibonyeze irudi ndani, kitoe kwenye magunia na mifuko ya plastiki, kimpelekee fundi siku hiyohiyo.

Dalili ya 2: "Malipo yameingia mara mbili"

Hapa usiguse kitu kabla hujasoma muda wa rekodi zote mbili. Tofauti yake inakuambia aliyefanya.

Tofauti ya sekunde moja au tano: kidole. Karani alibonyeza, skrini haikusema kitu, akabonyeza tena. Jakob Nielsen, mtaalamu wa violesura, aliweka vipimo hivi mwaka 1993, vikitokana na kazi ya zamani zaidi ya Robert Miller ya 1968: ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu anaona kitu kimeitika papo hapo, ikifika sekunde 1 anaanza kuhisi kuchelewa, ikifika 10 akili yake imeshahama. Mtandao wa Kayenze mvua ikinyesha hauna habari na sekunde 10. Kwa hiyo kitufe lazima kibadilike mara kinapoguswa, hata kama seva, ile kompyuta ya mbali inayopokea rekodi, haijajibu: kififie, kiandike "Inatuma, subiri", kikatae kubonyezwa tena.

Tofauti ya dakika kadhaa: wasiwasi. Karani aliona kiduara kinazunguka, hakuamini, akafunga programu akaanza upya. Mpe orodha ya mizigo ya leo kwenye ukurasa wa kwanza, kila mmoja na alama yake: "umetumwa" au "upo kwenye simu, bado kutumwa". Akiuona mzigo wake pale, hataurudia.

Rekodi mbili zilizofanana kila herufi, pamoja na muda wa kuandikwa, ila muda wa kufika kwenye seva ukitofautiana: hiyo ni programu yenyewe. Ilituma, jibu likapotea njiani, ikatuma tena. Dawa ni kila mzigo upewe namba yake ya pekee ndani ya simu kabla ya kutumwa, na seva ikiiona namba hiyo mara ya pili iseme "ninao tayari" badala ya kuandika upya. Hii ni kazi ya mwandishi wa programu. Usikubali akuambie "waambie makarani wabonyeze polepole".

Simama hapa: pesa ikiwa imeshatoka, usifute rekodi moja ili hesabu ikae sawa. Piga picha zote mbili, mwite mhasibu na mwenye programu wakae pamoja. Rekodi iliyofutwa kwa nia njema inafanana kabisa na iliyofutwa kwa wizi.

Dalili ya 3: "Amefuta mzigo mzima"

Hii ndiyo inayofukuzisha watu kazi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya mama mmoja karani, mtu mzima, mwenye hesabu za kichwani kuliko mashine. Alikuwa ameandika kilo 38.5 badala ya 38 kwenye mzigo wa makreti kumi na manne. Alitaka kurekebisha namba hiyo moja. Akabonyeza "Ghairi". Kikatokea kisanduku: *Una uhakika unataka kughairi?* Chini yake vitufe viwili: *Ghairi* na *Sawa*. Kidole chake kikabaki hewani. Akanigeukia. "Mwanangu, hapa nighairi kughairi, au nikubali kughairi?" Sikuwa na jibu la haraka, na mimi ndiye mtaalamu. Akabonyeza "Sawa". Makreti yote kumi na manne yakaondoka.

Sababu ya kwanza, basi, ni maneno. "Sawa" kwa Kiswahili mara nyingi ni jibu la kuonyesha nimekusikia kuliko la kukubali. Sikiliza Mtanzania akiongea na simu, atasema "sawa" mara nane na huenda hajakubali chochote. Mtu akiona kisanduku chenye maneno mengi, "sawa" ndilo neno la kukiondoa mbele yake. Usiliweke kwenye kitufe kinachofuta kitu. Kitufe kibebe tendo lenyewe: *Futa mzigo huu* na *Rudi, usifute*. Asome kitufe peke yake, bila swali lililo juu yake, na bado ajue kitatokea nini. Jaribio ni rahisi: ziba swali kwa kiganja, muulize karani kila kitufe kitafanya nini.

Angalia pia kama "Hifadhi", "Tuma" na "Wasilisha" zimetumika kwa kitu kimoja kurasa tofauti. Hutokea watu watatu wakitafsiri programu moja wiki tatu tofauti. Chagua moja. Na angalia maneno yaliyokatwa: kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza kinapopewa Kiswahili hubaki "Hifadhi na uen…", na karani analazimika kubahatisha.

Sababu ya pili ni picha. Alama ya kufuta ni pipa la taka. Kijana mmoja wa dagaa alikuwa akiigusa kila anapotaka kuandika idadi ya ndoo, maana kwake ile ilikuwa ndoo, na dagaa tunapima kwa ndoo. Nilicheka, kisha nikaitazama tena ile picha. Ni ndoo. Ina mfuniko, lakini ni ndoo. Weka neno "Futa" chini yake. Na ile alama ya diski ya kuhifadhia, wengi wa makarani ninaofanya nao kazi hawajawahi kuishika diski yenyewe.

Sababu ya tatu ni ujirani: "Futa" imekaa milimita mbili kutoka "Hariri". Donald Norman, mmoja wa waliochunguza sana makosa ya watu mbele ya mashine, hutenganisha aina mbili. Kuna kuteleza: unajua unachotaka, mkono unakwenda kwingine. Na kuna kudhania: mkono unatii, ila ulichoamini kilikuwa si kweli. Kijana wa ndoo alidhania. Ungesogeza vitufe mpaka Ukerewe bado angebonyeza lile pipa. Anayeteleza naye hasaidiwi na maelezo, anasaidiwa na nafasi. Kabla ya kurekebisha, jua unatibu kipi.

Dawa ya ndani ni kuacha kuuliza uliza. Mtu anayeulizwa "una uhakika?" mara thelathini kwa siku hujibu kabla ya kusoma. Badala yake, acha kitu kifutwe, kisha onyesha chini "Mzigo umefutwa. *Rudisha*", na kitunze mwezi mzima mahali ambapo msimamizi anaweza kukitoa.

Simama hapa: kama mzigo umeshapotea, usiondoe programu na kuiweka upya, wala usifute data zake kwenye mipangilio. Mizigo ambayo haijatumwa imo ndani ya kifaa hicho tu. Kiweke kando, kizime intaneti, mwite mwandishi wa programu.

Dalili ya 4: "Mchana siioni"

Angalia mwangaza kwanza, kisha hali ya kuokoa betri, ambayo huupunguza bila kuuliza. Kifaa kikiwa cha moto nacho hujififisha kujilinda; kiweke kivulini dakika kumi, si ndani ya friji ya samaki kama nilivyowahi kuona, maana unyevu utaingia. Karani akiwa na miwani ya jua, mwambie aivue: baadhi ya miwani hufanya skrini ionekane nyeusi ukiigeuza upande.

Yote yakiwa sawa, kosa ni la mbunifu aliyependa kijivu juu ya nyeupe. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, wa kufanya kurasa za mtandaoni zitumike na kila mtu, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandhari isiwe chini ya 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Hicho ni kiwango cha chini, na saa saba mchana ufukweni hakitoshi. Mimi hutumia nyeusi juu ya nyeupe, basi. Pia usitegemee rangi pekee kusema "umelipwa" na "bado". Wapo wanaume wasiotofautisha kijani na nyekundu, na wengi hawajui kwamba wako hivyo. Andika neno.

Dalili ya 5: "Saa zimekosewa"

Piga hesabu ya tofauti kati ya muda wa kweli na ulioandikwa. Hapa ndipo utajua wa kumfuata.

*Saa 6 kamili.* Kosa la kiolesura. Mtumbwi umefika saa kumi na moja alfajiri, skrini imeuliza "Saa?", karani akaandika 11:00. Amejibu kwa usahihi kabisa, kwa saa zetu. Programu ilitaka 05:00. Usimfundishe karani kubadilisha saa kichwani akiwa na foleni ya mitumbwi mbele yake. Acha kuuliza: chukua muda kwenye kifaa anapobonyeza. Ikibidi uulize, mpe moja hadi kumi na mbili pamoja na alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku, kisha programu ibadilishe yenyewe.

*Saa 3 kamili, nyuma.* Kosa la programu. Seva inatunza muda wa dunia na imesahau kuongeza saa tatu za Afrika Mashariki. Mbaya zaidi, mzigo wa saa saba usiku unaangukia jana, na hesabu ya siku haifungi. Mwite mwandishi.

*Saa 12.* Mtu amechanganya asubuhi na jioni kwenye saa ya kifaa.

*Miaka.* Betri iliisha kabisa, tarehe imerudi nyuma, wakati mwingine hadi 1 Januari 1970. Washa tarehe ya kujiweka kutoka kwenye mtandao.

Na kwa wavuvi wa dagaa, wanaotoka Jumanne jioni na kurudi Jumatano alfajiri: ripoti iandikwe "usiku wa kuamkia Jumatano". Hakuna atakayeuliza ni usiku upi.

Dalili ya 6: Kilo 385 badala ya 38.5

Kibodi ya namba haina nukta, au nukta imejificha pembeni, au programu inasubiri mkato wakati karani anaweka nukta. Leta kibodi yenye nukta kubwa, na namba ikizidi uwezo wa mizani yenyewe, skrini iulize palepale. Angalia pia kama kipimo kimeandikwa *ndani* ya kisanduku kwa kijivu: kikipotea mtu anapoanza kuandika, hatakumbuka kama aliulizwa kilo au ndoo. Kiweke nje, kulia.

Dalili ya 7: Menyu ya kitochi inakatika katikati

Wateja wengi wa visiwani hawana simu janja. Wanatumia menyu za nyota na reli. Ujumbe mmoja wa menyu hizo hauzidi herufi 182, na mtandao hukata kikao baada ya muda mfupi. Kama menyu yako ina ngazi sita, mtu anayesoma polepole au anayesomewa na mjukuu hatafika mwisho. Punguza ngazi ziwe tatu, weka linalotumika sana kuwa namba 1, na akikatika umrudishe alipoishia. Muda wa kikao hauko mikononi mwako, kwa hilo zungumza na kampuni ya simu.

Dalili ya 8: Wamerudi kwenye daftari

Hakuna atakayekupigia kuripoti hili. Utaliona tu: kishikwambi kimefunikwa kwa khanga juu ya mizani, na karani anaandika kwa kalamu.

Kwanza uliza mbalamwezi iliisha lini. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani; mwezi ukiwa mkubwa wengi wanapumzika siku kadhaa. Programu moja niliyoikuta ilikuwa inamtoa mtu nje akikaa wiki bila kuingia na kumtaka nywila mpya yenye herufi kubwa, ndogo, namba na alama. Kila mwezi, giza likirudi na mitumbwi ikirudi, kituo kizima kilikuwa hakikumbuki nywila. Aliyeiandika hakuwahi kuutazama mwezi. Tukaweka namba ya siri ya tarakimu nne pamoja na alama ya kidole, na muda ukawa siku 45. Alama ya kidole pekee haitoshi: vidole vilivyolowa na kukwaruzwa na nyavu havisomeki vizuri.

Pili, shika saa ya mkononi. Pima mstari mmoja wa daftari, kisha mzigo mmoja kwenye skrini. Daftari likiwa sekunde 8 na skrini 40, karani amechagua vizuri. Omba ulione daftari lenyewe. Karani mmoja alikuwa na safu nne alizochora kwa rula: jina la mtumbwi, ndoo, bei, deni. Programu iliuliza mambo kumi na moja, ikianza na namba ya kitambulisho, na deni haikuwa nalo kabisa. Tulizipanga upya kurasa kwa mpangilio wa safu zake, maswali yaliyobaki yakaenda kwenye ukurasa wa jioni.

Tatu, jaribu na watu wachache kabla ya kusambaza. Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba watumiaji wa kwanza wachache, watano hivi, hufichua sehemu kubwa ya kasoro. Wakati wa mbalamwezi ndio wakati wao. Wana nafasi, na chai ni juu yako.

Simama hapa: ukigundua wanaikwepa kwa sababu wanaamini takwimu zitaongeza tozo, hakuna kitufe utakachosogeza. Hilo ni la tajiri, viongozi wa mwalo na wavuvi wenyewe kukaa chini.

Na ikiwa umefanya yote na bado daftari liko pale, liache. Kwenye kituo kimoja tumeongeza kitufe kimoja kikubwa, *Piga picha ya ukurasa*. Jioni karani anapiga picha, kijana wa ofisini anaingiza namba. Mwezi wa pili tangu tukiweke, karani yule alianza kuingiza mizigo mikubwa mwenyewe. Midogo bado anaiandika kwa kalamu.